Mzee wa Sinema Aliyesimama Mlangoni

Nilipokuwa mtoto niliamini kuwa sinema zote duniani huishia kwa kofia. Sikuwa na sababu ya kuamini vingine. Niliyoijua ilikuwa moja tu, ile iliyoletwa na misheni kila mwaka baada ya mavuno ya wimbi, nayo iliishia hivyo: mzee mwenye ndevu anafika kwenye nyumba ya mwanawe, anaweka mkono mlangoni, kisha linaingia giza lenye umbo la kofia, mwinjilisti anaanzisha wimbo, tunasimama, tunaimba, tunakwenda zetu. Nilipofika shule ya sekondari nikakuta wenzangu waliotoka mijini wakisimuliana sinema walizoziona. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeyajua mambo, kofia ya mwisho ilikuwa ya aina gani. Wakaniita Kofia mpaka siku niliyomaliza shule.

Kofia ilikuwa ya mwinjilisti wetu mwenyewe, aliyeifunika mbele ya mwanga wa mashine. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Mashine iliwekwa juu ya meza ya kanisa, injini yake ndogo ikikohoa nje, na shuka likatundikwa ukutani. Picha zilikuwa bubu, kwa hiyo mwinjilisti alisimama kando ya mashine akitueleza kwa Ekegusii, lugha yetu, nani ni nani. Kulikuwa na mzee, mkewe anayekanda mkate, binti mdogo, ng'ombe mwenye kengele, na mbwa. Kila familia ile iliposali mezani, mbwa naye aliinamisha kichwa. Sisi watoto tulimpenda mbwa kuliko watu wote katika Ukristo.

Kulikuwa pia na mwana mkubwa, aliyekwisha kuoa. Huyo alikosana na babake, akaacha kusali, akahamia ng'ambo ya bonde na mkewe. Mtoto wao mchanga akaugua. Habari ikamfikia mzee. Akavaa koti, akatoka kuvuka bonde, na bonde lote lilikuwa jeupe. Mwinjilisti alitueleza kuwa huko Ulaya mvua ya mawe haiyeyuki. Sisi mvua ya mawe tunaijua. Ikipita shambani hubaki vijiti. Nyanya yangu, mama yake babangu, alikuwa akitikisa kichwa kila mwaka tulipofika hapo. "Hao watu mahindi yao yamekwisha," alisema. "Ndiyo maana wanasali sana."

Mzee akatembea, akaanguka, akainuka, akafika mlangoni, akaweka mkono. Kofia.

Hakuna aliyelalamika, na ili hilo lieleweke lazima niseme jambo moja juu yetu. Kwetu kuna heshima fulani kati ya mzazi na mtoto wake aliyeoa. Tunaiita chinsoni. Ni heshima iliyochanganywa na aibu, na sijui ni ipi iliyo nyingi. Mzee hampi mkono mke wa mwanawe. Na jambo kubwa kuliko yote, haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mvua inyeshe, mwana augue, moto uwake, mzee husimama nje na kusema yake. Kwa hiyo mzungu aliyevuka bonde lote lile la mvua ya mawe, akafika mlangoni kwa mwanawe na kusimama hapo, alikuwa mzungu wa kwanza tuliyemsikia mwenye malezi.

Babangu, ambaye nilimwita Tata kama watoto wote wa kwetu, ndiye aliyempenda kupita kiasi. Alikuwa mzee wa kanisa. Wamishonari walipohama na mashine yao, na mwinjilisti akafariki, sinema ilibaki mdomoni mwa Tata. Aliihubiri. Aliamua nayo kesi. Kijana akimjibu babake vibaya, Tata alisema, "Yule mzee wa sinema alisimama nje kwenye baridi. Alikuwa na nguvu za kuvunja mlango, lakini alisimama." Nami nilipooa na kujenga ng'ambo ya migomba yake, alikuja kila asubuhi akasimama uani kwangu kama yule mzee, mkono mmoja ukiwa hewani mahali ambapo mlango ungekuwa kama angesogea.

Mimi, nikiri, sikuwa mtu wa kwenda mbali. Elimu yangu ya sekondari ingeweza kunipeleka Nairobi, na watu wengi walinishauri niiache inipeleke. Niliirudisha nyumbani, nikaitia kwenye kahawa na migomba. Vijana wa njiani waliniita Msomi wa Ndizi. Nilijitetea kwa kupaka nyumba yangu chokaa nje, nyeupe pe, ili mtu akipita ajue kuwa ndani kuna mtu aliyesoma. Ilikuwa nyumba pekee ya namna hiyo upande wetu wa Nyamira, na mvua ya kwanza ikairushia matope hadi kiunoni.

Basi miaka ikafika ya hamsini na kitu. Dada yangu mdogo akachumbiwa na mwalimu wa Manga. Alimpenda yule mwalimu kwa namna ya kuchosha. Alikuwa akiangalia kilima cha Manga kutoka mlangoni kwa mama huku maziwa yakichemka na kumwagika. Babake mwalimu, hata hivyo, alisifika kuwa mzee mgumu. Alikuwa amekwisha kuvunja uchumba mmoja wa mwanawe kwa sababu babake yule msichana alicheka na mke wa mwanawe mwenyewe mbele ya wageni. Siku ya mzee huyo kuja kwetu kuzungumza ilikuwa imepangwa, na nyumba zetu zote zilikuwa zikifagiliwa.

"Kaka," dada yangu aliniambia, "wewe kaa kimya tu siku hiyo. Usitoe maoni. Ukinivunjia jambo hili nitahamia kwako, nikae hapo kwenye kiti chako, mpaka nizeeke."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Wiki ile mke wangu alinituma Kisii mjini kununua kioo cha taa, maana cha kwanza nilikuwa nimekivunja mimi. Duka nililolizoea lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Kisii, ambaye babake alikuja na msafara na mamake alitoka vijiji vya karibu. Aliuza kila kitu kuanzia misumari hadi kanzu. Nilipokuwa nikipokea kioo nikasikia nyuma ya duka injini ikikohoa. Kikohozi kile nilikijua. Nikaacha kioo kaunta, nikapita kwenye magunia bila kukaribishwa, na ndani ya stoo, kwenye ukuta, nikamkuta ng'ombe mwenye kengele.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Lakini mbwa alikuwa sawasawa. Watoto wa mwenye duka walikuwa wamekaa juu ya magunia ya sukari, na mbwa alipoinamisha kichwa nao wakainamisha vyao. Sijui nilikuwa na sura gani. Mwenye duka alinifuata na kunitazama kama mtu anayetazama mteja aliyekunywa.

"Bwana msomi, vipi? Umepata habari ya msiba?"

"Hii sinema ni yetu," nikasema.

"Ilikuwa yenu. Misheni waliuza vyombo vyao vya zamani, nikanunua mashine, na mkanda huu ukaja bure ndani ya sanduku. Ninazo nyingine za farasi na bunduki, lakini watoto wanataka hii tu. Mama yangu pia. Anakaa nyuma ya pazia pale, anasema hawa ni watu wa adabu."

Mara mkanda ukakatika, picha ikawa nyeupe, watoto wakalalamika. Nami katika furaha ile nikatoa maoni. Nilimwomba aje na mashine yake kwetu, siku ile atakapokuja mzee wa Manga. Lori lake lilipita Nyamira siku za soko, na nyumba yangu ilikuwa na ukuta mweupe. Akakubali kwa urahisi ulionipa kiburi. Nilirudi nyumbani bila kioo cha taa.

Tata alipopata habari alikuja akasimama uani kwangu, akautazama ule ukuta mweupe. Kisha akasema, "Huyo mzee wa Manga ataona sisi ni watu gani." Tangu hapo hakuzungumza lingine. Alitangaza kanisani. Alituma mtu Manga kumwambia mzee yule kwamba ataonyeshwa mfano wa adabu ambao haujaonekana nchi hii kwa miaka mingi.

Siku ikafika. Mzee wa Manga alifika alasiri na ndugu zake, mwembamba, mwenye ndevu ndefu, koti limefungwa vifungo vyote, akitazama chini kila mwanamke alipopita. Mwalimu mwenyewe hakuja, kwa kuwa si kawaida mtu awepo anapojadiliwa. Mazungumzo yakaanza vizuri nyumbani kwa Tata. Mimi nilikuwa kwangu nikimsaidia mwenye duka kuteremsha mashine kwenye lori na kuiweka juu ya meza yangu uani.

"Hapa pazuri," alisema akiutazama ukuta. "Haya matope hapa chini yatamfaa ng'ombe. Na mama amekusalimu. Amesema uangalie pale mzee anapoingia chumbani kwa mkwewe. Hapo yeye hulia kila mara."

Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa injini. "Anapoingia wapi?"

"Chumbani. Si mke wa mwanawe amelala na mtoto? Mzee anaingia, anaketi kitandani, anamshika mkono yule mkwewe, wanasali. Wewe si ulisema sinema ni yenu?"

Nikaiweka injini chini taratibu. Ndipo nilipoelewa kofia. Miaka yote ile mwinjilisti alikuwa ametusimamia mlangoni. Alimzuia mzungu yule asiingie, mwaka baada ya mwaka, akafa bila kumwambia mtu, na mimi kwa elimu yangu ya sekondari nilikuwa nimekwenda Kisii kumfungulia.

"Tuisimamishe mlangoni," nikasema. "Akiweka mkono, zima."

"Nikisimamisha mkanda mbele ya taa hii unaungua. Ukiungua, na nyumba yako yenye chokaa inaungua."

"Basi iharibike njiani, tuseme imekataa."

"Mimi nimekuja na lori kutoka Kisii," alisema, "nije kuambiwa mashine yangu imekataa mbele ya watu wote hawa?"

Dada yangu alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alitokeza, mikono ina unga, akanitazama. Alikitazama tu kile kiti changu cha mlangoni.

Nilitafuta kofia. Mimi si mtu wa kofia. Nilikuwa nimeziacha baada ya shule, sababu mnaijua. Nikachukua ungo wa mke wangu. Ulikuwa mpana, ungefunika mashine yote, na ningeweza kuanzisha wimbo. Nilijipanga kando ya meza nao kifuani kama askari. Watu wakaja. Wanaume wakakaa upande mmoja, wanawake mwingine, Tata na mzee wa Manga katikati kwenye viti vilivyotolewa kanisani. Nyanya yangu alikaa mbele kabisa juu ya ngozi. Alikuwa mzee mno, ameshaizidi aibu ya kila mtu. Na kwetu nyanya na mjukuu hutaniana watakavyo, kwa hiyo yeye na mimi hatukuwa na la kufichana.

Jua lilipozama injini ikakohoa. Naye akatokea ukutani kwangu, mzee yule na mbwa wake na mkate na kengele. Nataka kusema nilikuwa na hofu tu, lakini haikuwa hivyo. Mbwa alipoinamisha kichwa, uani kote watu wazima walicheka kicheko cha utotoni, na mimi nikacheka na ungo wangu. Tata alikuwa akimweleza mzee wa Manga kila kitu kabla hakijatokea. "Sasa atavaa koti. Sasa ataanguka. Unaona? Mvua ya mawe ile."

"Mahindi yao yamekwisha," alisema nyanya.

Mzee akafika mlangoni. Picha ya mlango ule ilitua karibu sana na mlango wangu wa kweli, hata ikawa kama nyumba yangu imepata wa pili. "Sasa tazama," alisema Tata. "Anasimama." Nikainua ungo, nikafungua kinywa niimbe.

Nilikuwa nimesahau kuwa panya walikuwa wameula ule ungo msimu uliopita. Mwanga ukapita kwenye matundu. Ukutani hapakuwa na giza. Palikuwa na mzee mwenye ndevu amekatwakatwa vipande kama upele, na vipande vyote, kimoja kimoja, viliingia ndani.

"Ondoa hicho kitu," alisema Tata.

Nikakiondoa. Mlango wa sinema ulikuwa wazi na mzee yumo ndani. Upande wa wanawake wakajifunika nyuso. Kisha Tata na mzee wa Manga, bila kuambiana, wakainuka, wakavigeuza viti vyao na kuketi tena, migongo yao ikielekea sinema na nyuso zao zikielekea kwangu na mashine. Ndugu wa Manga nao wakageuka. Nikabaki nimetazamwa na safu ya wazee waliokaa wima, mwanga umewapiga usoni.

Dakika ile nilimwona dada yangu akizeeka kwenye kiti changu.

"Ametoka?" Tata aliniuliza.

"Bado."

"Anafanya nini humo?" aliuliza mzee wa Manga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha.

"Amesimama," nikasema. Ilikuwa kweli wakati ninaanza kuisema.

"Ameketi," alisema nyanya yangu kutoka mbele.

"Ameketi wapi?"

"Kwenye kiti," nikasema.

"Kitandani," alisema nyanya. "Msimsikilize huyu. Ameketi kitandani, na ni kitanda kizuri, kina miguu minne. Amemshika mkono mke wa mwanawe."

Ndugu mmoja wa Manga akashusha pumzi. Tata alifumba macho. Sijawahi kumwona mtu akipoteza kitu alichokipenda kwa muda mrefu namna ile, tena akiwa amekipa mgongo. Nilitaka kwenda kumshika bega, lakini chinsoni hairuhusu hata hilo.

Mzee wa Manga alikuwa akitazama magoti yake. "Na mtoto je?" akauliza.

Hilo hatukuwa tumelifikiria.

"Nimeuliza mtoto. Yule mgonjwa. Mzee ameingia kwa ajili yake, sivyo?"

"Amefumba macho," alisema nyanya, na safari hii hakutania. "Wote wanasali. Mwana naye amepiga magoti."

"Mtoto."

Mimi nilikuwa natazama. Nilikuwa nayaona yale kwa mara ya kwanza maishani, na nilikuwa na watoto wangu nyumbani humo, nyuma ya ukuta uleule. Mtoto alifungua mkono wake mdogo akazishika zile ndevu. "Amefungua macho," nikasema. "Ameshika ndevu za babu yake. Anazivuta."

Mzee wa Manga akajifuta uso kwa kiganja, kutoka juu hadi chini. "Zivutwe," alisema.

Mkanda ukaisha, ukuta ukawa mweupe, na wazee wakageuza viti. Taa ya mwenye duka ikawashwa, na kesi ikaanza palepale. Tata aliifungua kwa sauti ya mtu aliyefiwa: mzee yule alikuwa amekosa. Mzee wa Manga akauliza nyumba ile ilijengwa na nani, maana kama mwana alikuwa hajajijengea, basi bado ni ya babake. Tata akasema hapana, tuliona mwana akibeba mbao. Ndugu mmoja akauliza kama nyumba ya Ulaya ina upande wa wageni ambao mzee angeketi. Nyanya akaulizwa kama shahidi, akasema hakuona upande, aliona kitanda. Mwenye duka akaulizwa kwao ikoje, akasema kwao mzee angekohoa kwanza. Wote walikubali kuwa kukohoa kungesaidia sana.

"Angebaki nje angekufa kwa ile baridi," alisema mzee wa Manga mwishoni. "Na mtoto angekufa ndani. Wawili. Aliingia, alikosa, mtoto akapona. Hatuwezi kumsifu na hatuwezi kumwacha hivi hivi. Atoe mbuzi."

Tata alifikiri. Niliona uso wake ukirudiwa na rangi. Mzee wake hakuwa mtu asiye na adabu tena. Alikuwa mtu mwenye faini, na mtu akilipa faini husalimiwa. "Atoe mbuzi," alisema.

"Yuko Ulaya," nikasema mimi, niliyeambiwa nisitoe maoni.

Wazee wote wakanitazama.

"Makosa yalifanyikia kwenye nyumba gani?" aliuliza mzee wa Manga.

Wakautazama ukuta wangu. Mbuzi aliyetolewa alikuwa beberu wangu mweusi, mnyama niliyekuwa nikimpenda. Mwenye duka aliombwa amchinje yeye ili naye apate kula, na tulikula sote uani, watu wa Manga na watu wetu, na kwetu watu waliokula pamoja mnyama wa kesi hawarudi nyuma. Habari ya uchumba haikutajwa tena, kwa sababu ilikuwa imekwisha kupita. Dada yangu aliniletea nyama ya mbavu kwa mkono wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Aliolewa baada ya mavuno. Mzee wa Manga mwenyewe alisimamia ujenzi wa nyumba yao, akamlazimisha fundi aweke dirisha pana upande wa njia, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, bila vyuma. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, kazi ya dirisha lile ikaonekana. Mzee aliegemeza viwiko pale tangu asubuhi, mwili wote nje, kichwa ndani, akipitishiwa mtoto na chai, na dada yangu analalamika mpaka leo kuwa ndevu zake zilikuwa zikiwazuia kupata mwanga.